Kampuni imeuzwa, na sisi je? Maswali yenu ya kazini

Meseji zenu za mwezi huu zimefanana sana, kiwanda kimenunuliwa, hoteli imepata wenyewe wapya, meneja wa zamani kaagwa kwa keki na soda halafu mliobaki hamlali. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ndani yake kuna mambo ambayo wengi mmeniuliza kidogo kidogo.

*Shikamoo anti. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Gongo la Mboto, nafanya stoo kwenye kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi huku Nyerere Road. Mwezi wa tatu nimetimiza miaka 9. Mwezi wa tano tukaambiwa kampuni imeuzwa, wakaja mabosi wapya, hawatusalimii wala hawatugombezi, wanapita tu na laptop zao. Sasa kwenye grupu la wasap kila usiku kuna listi mpya ya watakaopunguzwa, mara jina langu limo mara halimo. HR ana barua zimeshachapwa za kuacha kazi kwa hiari, ukisaini unapewa mshahara wa mwezi mmoja siku hiyohiyo, wenzangu watatu wameshasaini. Afu wameniletea kijana nimfundishe kazi. Kuna mwenzangu ananiambia nimfiche yule kijana mambo ya muhimu na niwe nampelekea bosi habari za wenzangu, ndo nitapona. Nina mkopo wa benki na kikoba, mume wangu sijamwambia kitu. Nawaza nisaini tu nichukue hiyo laki tano na ishirini nikaanze mitumba nipumue. Usingizi sina. Nisaidie.*
Mama Wawili, Gongo la Mboto

Marahaba mwanangu, pole sana. Naanza na hiyo barua maana ndo inayonitisha kuliko vyote ulivyoandika. Usisaini. Umenitumia picha yake nimeisoma mara mbili, ina mistari minne tu na nafasi ya jina, na mstari wa mwisho unasema umeacha kazi kwa hiari yako mwenyewe na hutakuwa na madai yoyote dhidi ya kampuni. Huo mstari ndo wanaoulipia laki tano na ishirini.

Ngoja tupige hesabu pamoja. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akikuachisha kazi, na umeshafanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi, anakulipa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, ukomo miaka 10. Mshahara wako wa msingi ni 520,000 na unafanya kazi Jumatatu mpaka Jumamosi, kwa hiyo gawa kwa 26 unapata 20,000 kwa siku, mara 7 ni 140,000, mara miaka 9 ni 1,260,000. Bado hujaweka notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, wasipokupa muda huo wanakulipa pesa yake. Bado likizo, umesema ya mwaka huu hujaenda kabisa, likizo ya mwaka ni siku 28 kwa hiyo hapo kuna karibu mshahara mwingine mzima. Weka na siku ulizofanya kazi mwezi huo, na cheti cha utumishi ambacho ni haki yako kupewa. Jumla inavuka milioni 2, nao wanakupa laki tano na ishirini ufute vyote. Na ukiandika umeacha mwenyewe hata lile fao la kukosa ajira la NSSF unajifungia mlango, maana lile ni la aliyeachishwa, sio la aliyeamua kuondoka.

Sisemi kuondoka kwa makubaliano ni kubaya siku zote. Kuna watu wanapewa ofa nzuri kuliko ile ya kisheria, wanakaa mezani, wanaandikiana, wanaondoka na pesa mkononi na roho nyeupe. Lakini makubaliano yanakuwa na hesabu ndani, kila pesa imetajwa ni ya nini, unapewa muda wa kwenda nayo nyumbani na kumwonyesha mtu anayejua. Barua ya mistari minne inayosainiwa Ijumaa saa kumi jioni mlango umefungwa siwezi kuiita makubaliano. Akikuita tena mwambie kwa heshima kabisa, nashukuru bosi, mimi sina mpango wa kuacha kazi, kama kampuni ina mpango wa kupunguza watu naomba nipewe barua ya kampuni. Maneno hayohayo, usiongeze, usilie, usigombane, ukitoka hapo andika pembeni tarehe, saa na nani alikuwepo.

La pili, jua kilichouzwa ni nini. Watu wengi wakisikia kampuni imeuzwa wanadhani ajira zao zimeisha siku hiyo wanaanza upya, na kuna mameneja wanawaacha waamini hivyo. Kama wapya wamenunua hisa, kampuni ni ileile, mwajiri wako ni yuleyule, kilichobadilika ni wenye hisa tu, kwa hiyo mkataba wako na miaka yako 9 viko palepale. Kama wamenunua mali na biashara, yaani magodauni, magari, mzigo na wateja, halafu wanaendesha kwa kampuni nyingine, hapo mwajiri ni mwingine na lazima pawe na maandishi yanayosema miaka yako inahamia kwa mpya au yule wa zamani anakulipa yote muachane. Utajuaje? Chukua hati yako ya mshahara ya mwezi wa nne na ya mwezi huu uziweke pamoja, angalia jina la kampuni juu, halafu angalia taarifa yako ya NSSF uone michango inaletwa na mwajiri gani. Jina likiwa lilelile neno kwa neno hiyo ni dalili kubwa kwamba ziliuzwa hisa. Mkitaka uhakika zaidi changishaneni mfanye upekuzi BRELA, ile ofisi ya serikali inayosajili makampuni, unalipia ada wanakupa taarifa za kampuni na wanahisa wake.

Hizi karatasi zako, barua ya ajira, hati za mshahara, fomu za likizo, barua ya kuongezwa mshahara, zipige picha na kopi ziwe nyumbani. Zako wewe, sio za kampuni, usibebe leja ya mtu. Wenye umri wangu tunawakumbuka wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jumuiya ilivunjika 1977 na wamehangaika na mafao yao miaka na miaka, wengine wamekufa wanadai, na karatasi ndo ilikuwa kitu cha kwanza kuulizwa mtu.

Kupunguza wafanyakazi sheria inaruhusu, sitaki nikudanganye. Biashara ikibadilika mwajiri anaweza kupunguza. Ila kuna njia yake na iko kwenye kifungu cha 38 cha ile sheria ya Ajira ya 2004, anatoa notisi kwamba ana nia ya kupunguza, anatoa taarifa zinazohitajika, anakaa na chama cha wafanyakazi au na nyie wenyewe kama hamna chama, mnajadili sababu, namna ya kuepuka au kupunguza idadi, watachaguliwaje, lini, na malipo. Msipoelewana linaenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa hiyo listi ya wasap saa nne usiku haina mama wala baba. Na kama hapo kazini hamna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, nendeni mkaongee nao sasa hivi, sio siku barua zikishatoka.

Sasa huyo kijana. Mfundishe, tena mfundishe vizuri. Ukimficha mambo unampa bosi kosa la kweli la kukushikia, na kosa la nidhamu ndo linaloondoa kiinua mgongo. Mimi ningekuwa wewe ningeogopa kitu kingine kabisa, stoo yenyewe. Kampuni ikibadilisha mikono inahesabiwa mzigo, na kukikosekana nondo au mabati hata kama yaliondoka kabla, wa kwanza kuulizwa ni mwenye funguo. Kwa hiyo kabla hujampa mtu yeyote funguo omba kwa barua mhesabu wote watatu, wewe, kijana na mtu wa uhasibu. Mnapita shelfu kwa shelfu, kilichopo chini kinalinganishwa na bin kadi, ile kadi ya mzigo unaoingia na kutoka, na kinalinganishwa na kompyuta, tofauti inaandikwa hapohapo bila kufichwa hata kama ni boksi moja la misumari, mnasaini wote na kopi moja unabaki nayo. Kama kuna mzigo ulitolewa kwa simu ya bosi wa zamani bila karatasi, na najua mambo hayo yapo kila stoo ya mji huu, liseme siku hiyo ya kuhesabu kwa mdomo wako. Ukishafanya hilo, kijana akija na funguo zake usiku wowote wewe umelala kwako.

Kupeleka maneno kwa bosi achana nako. Bosi mpya anamsikiliza mpeleka maneno wiki mbili tatu, halafu anaanza kujiuliza huyu na mimi ananipeleka kwa nani. Badala yake jitambulishe kwa kazi. Wale watu wanaopita na laptop hawakujui, hawajui kwamba wewe ndo unajua saruji ya mteja fulani inatakiwa itoke saa kumi na mbili asubuhi kabla ya foleni ya Tazara. Omba dakika kumi, nenda na ukurasa mmoja, unafanya nini, umekifanya kwa muda gani, nini kinakwama stoo na ungekirekebishaje. Haikuhakikishii kubaki, ila ukiwa kwenye listi utakuwa mtu mwenye kazi inayojulikana na sio jina tu.

Pesa. Usikope tena, hasa hii mikopo ya haraka ya kwenye simu na wale kausha damu wa mtaani, usilipe deni kwa deni. Nenda benki uwaulize mkopo wako una bima na bima inagusa mtu kupunguzwa kazi au kifo tu, waulize ukiwa bado una mshahara maana mtu mwenye mshahara wanamsikiliza. Kikoba waambie mapema unapunguza hisa. Mitumba sikukatazi, anza Jumapili, chukua mzigo mdogo pale Karume uuze hapo mtaani, uone kama unaijua hiyo biashara wakati mshahara bado unaingia.

Na mwambie mume wako leo. Najua unataka kumlinda, lakini sa hivi unabeba peke yako jambo la watu wawili na yeye anaendelea kupanga bajeti kama kawaida, labda anamuahidi mtu kitu. Mwambie na hesabu ya hapo juu mkononi, sio na kilio. Hilo grupu usiku lizime, ukilala saa nne na listi kichwani utaamka saa nane nayo. Kapime na presha kituo cha afya, kukosa usingizi wiki kadhaa ni jambo la kuangaliwa, usilichukulie poa.

*Dada mambo. Mi ni mhudumu kwenye hoteli huku Kunduchi, miaka 6. Wenyewe wapya walituita ukumbini wakagawa mikataba ya mwaka mmoja, ya Kiingereza, wanataka tusaini palepale, asiyesaini arudishe funguo za loka. Wengine walisaini, mimi nikasema nina dharura nikatoka. Jumatatu naingia nifanyeje?*
Mhudumu, Kunduchi

Poa mdogo wangu, na umefanya vyema kutoka. Jumatatu nenda kazini kwa muda wako na yunifomu yako, usije ukakaa nyumbani kwa hofu halafu ikaandikwa umetoroka kazi. Omba kopi ya mkataba kwa maandishi, sema unataka kuusoma na utawajibu siku fulani, taja siku. Ujumbe wa wasap kwa HR unatosha maana unabaki na tarehe.

Ukishaupata tafuta vitu vitatu tu. Kwanza tarehe ya kuanza ajira, kama wameandika ya mwezi huu basi miaka 6 imefutwa. Pili kama kuna sentensi inayosema umeshalipwa haki zako zote za nyuma, hiyo usiisaini hata kidogo kama hujaona pesa. Tatu, mshahara wa msingi, sio jumla, kwasababu wajanja wanahamisha pesa kutoka kwenye msingi wanaiweka kwenye posho, mwezi unaiona ileile lakini kiinua mgongo kinahesabiwa kwenye msingi. Sheria inataka mwajiri akibadilisha masharti ya kazi afanye kwa kushauriana na mfanyakazi na amjulishe kwa maandishi, na watu kuitwa ukumbini wasaini palepale hakuna ushauriano hapo.

Unachoomba ni kimoja kati ya viwili, ama waandike kwamba wanatambua utumishi wako toka ulipoanza, ama wa zamani walipe kwanza ndo uanze upya. Msiende mmoja mmoja. Nyie mliokuwa hamjasaini andikeni barua moja msaini wote, na waliosaini waje pia, kusaini kwa kutishwa funguo za loka ni jambo la kulalamikia.

*Anti, mimi ni supavaiza kiwandani Vingunguti. Meneja mpya kaniambia mpaka Jumatatu nimpe majina 6 ya kupunguza kwenye laini yangu. Kuna dada ana mimba ya miezi sita meneja kamtaja kabisa, kuna mzee ndo kanifundisha kazi. Nisipotoa majina na mimi naenda.*
Supavaiza

Kaka yangu, hili ni zito na nimelifikiria sana. Usitoe majina. Toa taarifa. Mwandikie meneja kwamba umepokea agizo, na unaomba kujua vigezo vya kuchagua ni vipi na kama majadiliano na chama yameanza, halafu mpe orodha ya watu wote wa laini, tarehe walizoanza, mashine wanazozijua, mafunzo waliyopata. Hapo umetii, umefanya kazi ya supavaiza, na uamuzi umebaki kwa anayelipwa kuamua. Vigezo vinavyokubalika ni kama muda wa utumishi, ujuzi na uzoefu na mahitaji ya kazi yenyewe, sio nani anacheka na nani.

Kuhusu huyo dada mwambie meneja wazi, tena kama mtu anayeilinda kampuni, kwamba mimba kwa sheria yetu sio sababu halali ya kumwachisha mtu kazi na kampuni itaumia ikifika CMA. Ulemavu hivyohivyo. Huenda hajui, mameneja wengine wanakuja na mazoea ya walikotoka.

Na mpe njia nyingine aione kwenye karatasi. Laini yako ina ovataimu kiasi gani? Ukikata ovataimu na kuacha kujaza nafasi za walioondoka wa kupunguzwa wanaweza wakawa wawili badala ya sita, piga hiyo hesabu mwenyewe uiambatanishe, wewe unaijua laini kuliko yeye. Kuna na wanaokaribia kustaafu ambao wangeondoka kwa furaha kama wangelipwa vizuri, mzee wako anaweza akawa mmoja wao, muulize kwanza yeye kabla hujalitamka popote.

Kama pamoja na yote hayo atakutoa wewe, utakuwa na barua yako ya kistaarabu yenye tarehe, na hiyo CMA wanaisoma.

*Mi nilipigiwa simu na HR mpya nikaambiwa kesho usije, kazi yako imeisha. Hakuna barua. Wiki ya tatu sasa nasubiri waniite wanilipe, kila nikipiga wananiambia vuta subira. Nimefanya miaka 2.*
Dereva, Tandika

Usivute subira hata siku moja zaidi. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa CMA ndani ya siku 30, na wewe zimebaki chache. Ukichelewa unaanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu, na kuvutwa subira na HR sio sababu ninayoiamini. Nenda CMA ukachukue fomu namba 1, hawatozi ada, jaza, kopi moja unampelekea mwajiri anasaini kwamba kapokea, akigoma kusaini waulize CMA wakuelekeze, halafu unarudisha yako pamoja na ushahidi kwamba umemfikishia. Unaanzia kwenye usuluhishi, mnakaa mezani na msuluhishi, kesi nyingi za madereva naziona zinaishia hapohapo kwa kulipwa. Mwakilishi wa chama anaweza kwenda na wewe.

Beba kitambulisho, hati yoyote ya mshahara uliyonayo au meseji za benki zinazoonyesha mshahara unaingia, na picha ya skrini ya simu yako inayoonyesha siku na saa HR aliyokupigia. Hiyo rekodi usiifute. Uwe pale kesho asubuhi wakifungua.